Mungu hahongeki, basi kwa nini anatuamuru tutoe?

Ijumaa khatibu husoma aya isemayo kwamba siku ya Kiyama mali haitamfaa mtu wala watoto, isipokuwa atakayemjia Mwenyezi Mungu na moyo uliosalimika. Swala ikiisha, sanduku la mchango linapita safu kwa safu. Jumapili mchungaji husoma Mithali 11, “Mali hazifaidii kitu siku ya ghadhabu, bali haki huokoa na mauti,” na muda si mrefu kapu la sadaka linazunguka. Waumini wengi huliona jambo hili wakanyamaza. Wengine huuliza: ikiwa fedha haina nguvu mbele ya Mungu, kwa nini tunaambiwa tutoe ili tusamehewe? Na ikiwa sadaka inafuta dhambi, basi si tajiri ana sabuni nyingi kuliko maskini?

Ni swali la haki kabisa. Wanaoliuliza si wakaidi, na kuwajibu “usimhoji Mungu” ni kuwafukuza. Jibu lipo, tena limo ndani ya vitabu vilevile, ila inabidi tuvitenganishe vitu ambavyo midomoni mwetu vimekuwa kitu kimoja: hongo, sadaka, na kurudisha cha watu.

Nianze na hongo, maana haina utata. Kumbukumbu la Torati 10 inamtaja Mungu kuwa hapendelei uso wa mtu wala hapokei rushwa. Zaburi ya 49 inawageukia wanaozitumainia mali zao, inasema: “Hakuna mtu awezaye kumkomboa ndugu yake, wala kumpa Mungu fidia kwa ajili yake.” Kurani, katika sura ya Aal Imran, inasema aliyekufa katika ukafiri hatapokelewa hata akitoa dhahabu ya kuijaza dunia nzima ili ajikomboe. Na katika Al-Haqqa yupo mtu aliyepewa daftari lake kwa mkono wa kushoto, analia kwamba mali yake haikumfaa kitu na mamlaka yake yamempotea.

Hakimu wa duniani huhongeka kwa sababu ana upungufu. Ana karo ya watoto, ana nyumba haijaezekwa, ana mkubwa wake anayesubiri mgawo. Mzibie pengo hilo naye atakupa hukumu uitakayo. Mungu hana pengo la kuzibwa. Zaburi ya 50 inalisema hili kwa ukali: wanyama wote wa mwituni ni wake, na makundi yaliyo juu ya milima elfu, na lau angeona njaa asingemwambia mwanadamu. Anayempelekea Mungu fedha ili ageuze hukumu anampelekea kilicho chake tangu mwanzo.

Tajiri Karun hakulielewa hilo. Habari zake zimo katika sura ya Al-Qasas: funguo za hazina zake peke yake zilikuwa mzigo kwa kundi la wanaume wenye nguvu. Watu wake walimshauri vizuri, atafute makao ya Akhera kwa alichopewa, wala asisahau fungu lake la dunia, na awafanyie watu wema kama yeye alivyofanyiwa wema. Hawakumwambia autupe utajiri. Akajibu kwamba amepewa yale yote kwa sababu ya ujuzi alio nao. Ardhi ikammeza pamoja na nyumba yake, na waliokuwa jana wakitamani kuwa yeye wakaamka wakishukuru kwamba hawakuwa yeye. Kisa hiki huhubiriwa sana kama onyo dhidi ya mali. Kwangu uzito wote uko kwenye lile jibu lake. Mtu anayeamini kwamba kila alicho nacho kimetoka kichwani mwake hawezi tena kumwona mtu yeyote anayemdai, na kama tutakavyoona, hapo ndipo kesi nzima ilipo.

Sasa sadaka na kafara. Kama hizi zingekuwa bei ya msamaha, tungetegemea tajiri atozwe zaidi, au aruhusiwe kununua zaidi. Sheria ya Musa inafanya kinyume. Kutoka 30 inaeleza hesabu ya Waisraeli: kila mwanamume kuanzia miaka 20 atoe nusu shekeli kuwa fidia ya nafsi yake, na tajiri asizidishe, wala maskini asipunguze. Mwenye makundi ya ng'ombe na mchunga mbuzi wa watu walitoa kitu kilekile. Palipokuwa na sadaka ya dhambi, Mambo ya Walawi 5 inaanza na mwana-kondoo au mbuzi. Asiyemudu alete hua wawili au makinda mawili ya njiwa. Asiyemudu hata hao alete unga, sehemu ya kumi ya kipimo kiitwacho efa. Yusufu na Mariamu, walipompeleka mtoto Yesu hekaluni, walitoa sadaka ya ndege, ile ya watu wa hali ya chini, na Luka hakuona haya kuiandika.

Kafara ya Kiislamu imejengwa vivyo hivyo. Aliyevunja kiapo, kwa mujibu wa sura ya Al-Maida, alishe maskini kumi, au awavishe, au amwache huru mtumwa. Asiyeweza afunge siku tatu. Mlango wa mwisho hauna fedha ndani yake hata senti. Kwa hiyo kinachotakiwa hapa hakipimwi kwa thamani ya sokoni. Ni utii, na ni mkono kufunguka kwa mwenye shida. Mtume Muhammad amepokewa akisema sadaka huzima dhambi kama maji yanavyozima moto, na huyohuyo amepokewa akisimulia kwamba miongoni mwa watu wa kwanza kuhukumiwa atakuwamo tajiri aliyetoa sana ili aitwe mkarimu. Ataambiwa alikwisha kuitwa. Malipo yake aliyapokea duniani, kwenye vipaza sauti.

Hapo sehemu ya kwanza ya fundo inafunguka. Sehemu ya pili ni ngumu zaidi, na ndiyo inayonifanya niandike, kwa sababu inarukwa sana mimbarani.

Dhambi nyingi zinazohusu mali zina mlalamikaji. Kuna mjane aliyeuziwa kiwanja chenye hati bandia, kuna vibarua waliojenga ghorofa wakalipwa ahadi, kuna mirathi ya mayatima iliyoishia kwenye biashara ya ami yao. Watu hawa wana haki yao, na vitabu vinashangaza kwa jinsi visivyokubali haki hiyo ipitiwe juu. Mishna, mkusanyo wa sheria za Kiyahudi uliokamilika takriban mwaka 200, inasema Siku ya Upatanisho hufunika makosa kati ya mtu na Mungu, lakini makosa kati ya mtu na mwenzake haiyafuniki mpaka amridhishe mwenzake. Yesu anasema ukiwa madhabahuni na sadaka yako, ukakumbuka kwamba ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka palepale, uende ukapatane naye kwanza. Na katika Hadithi, yaani simulizi ya maneno ya Mtume, iliyomo katika mkusanyo wa Imamu Muslim, Mtume anawauliza masahaba kama wanamjua muflisi. Wakasema ni yule asiye na dirhamu wala mali. Akawaambia muflisi wa umma wake ni atakayekuja siku ya Kiyama na swala, saumu na zaka, ilhali alimtukana huyu, akamsingizia huyu, akala mali ya huyu, akamwaga damu ya huyu. Aliowadhulumu watagawiwa mema yake mmoja baada ya mwingine. Yakimalizika kabla madeni hayajaisha, dhambi zao zitachukuliwa zitwikwe juu yake.

Zaka yake ilikuwepo. Haikukanushwa. Ilichukuliwa ikalipa deni. Tajiri anayetegemea kwamba msikiti aliojenga utafunika viwanja alivyopora anahitaji kukaa na Hadithi hii kwa muda mrefu, maana haisemi kwamba msikiti ule si kitu, inasema utakwenda kwa wenye viwanja.

Hadithi nyingine, iliyomo katika mkusanyo wa Bukhari, inataja hata muda wa mwisho: aliyemdhulumu nduguye heshima yake au kitu chochote, ajivue mzigo huo leo, kabla ya siku ambayo hakutakuwa na dinari wala dirhamu. Leo dinari ina kazi. Tunaposema mali haina nguvu mbele ya hukumu ya Mungu tunasema jambo lenye tarehe. Kabla ya kifo, shilingi inaweza kurudi kwa mwenyewe na kufunga kesi. Baada ya kifo kesi inaendelea, shilingi imebaki kwa warithi.

Ukitaka kuona mtu aliyelielewa hili akiwa hai, soma tena Luka 19, ila uisome na hesabu mkononi. Zakayo alikuwa mkubwa wa watoza ushuru Yeriko, na alikuwa tajiri. Anasimama anasema: “Tazama, Bwana, nusu ya mali yangu nawapa maskini, na ikiwa nimenyang'anya mtu kitu kwa hila namrudishia mara nne.” Kuna mafungu mawili hapo, naye hakuyachanganya. Nusu ni sadaka, inakwenda kwa maskini. Nusu inayobaki ndiyo ya kulipia wizi, na wizi unakwenda kwa walioibiwa. Sheria ilimtaka aliyekiri mwenyewe arudishe alichochukua na kuongeza sehemu ya tano tu. Mara nne ilikuwa adhabu ya aliyeiba kondoo akamchinja au kumuuza. Zakayo alijihukumu kwa kipimo cha mwizi wa mifugo. Kwa kiwango hicho, kama robo ya nusu ile iliyobaki ilikuwa ya wizi, aliondoka bila kitu. Yesu hakumpunguzia. Alisema wokovu umefika nyumbani humo.

Kanisa la kale lililishika jambo hili kwa nguvu. Augustino, askofu wa Hippo katika Algeria ya leo, alimwandikia afisa wa Kirumi Macedonius kwamba dhambi haisamehewi isiporudishwa kilichochukuliwa, pale kinapoweza kurudishwa. Lakini mtu aliyebanwa na sharti hilo kuliko wote ninaowajua ni padri Mhispania, Bartolomé de las Casas.

Mwaka 1514 las Casas alikuwa Cuba, na alikuwa bwana. Alikuwa amepewa ardhi pamoja na wenyeji wa kumfanyia kazi shambani na kumchimbia dhahabu, na kabla ya hapo padri mmoja wa shirika la Wadominiko alikwisha kumnyima maondoleo ya dhambi kwa sababu hiyo. Akapuuza. Pentekoste ya mwaka huo, akitayarisha mahubiri, alifungua Yoshua bin Sira, kitabu kilichomo katika Biblia ya Kikatoliki, sura ya 34. Humo imeandikwa kwamba Mungu hapendezwi na sadaka za waovu, na kwamba anayetoa dhabihu kutoka mali ya maskini ni kama amchinjaye mtoto mbele ya macho ya baba yake. Alikaa na maneno hayo siku kadhaa, akiyalinganisha na shamba lake. Kisha akaenda kwa gavana Diego Velázquez kumweleza kwamba anawaachia wenyeji aliopewa, na tarehe 15 Agosti akapanda mimbarani akawaambia walowezi wenzake kwamba hawataokoka wakiendelea hivyo.

Angeweza kufanya rahisi zaidi. Angejenga kanisa, angeagiza kalisi, kikombe cha misa, ya dhahabu kutoka Sevilla, na kila mtu angemsifu. Aya ile ilimzuia, kwa sababu ilimwonyesha kwamba dhahabu ya kalisi ingekuwa na baba mzazi wa mtu amesimama nyuma yake.

Alipokuwa askofu wa Chiapas, katika Mexico ya leo, kwenye miaka ya 1540, aliwaandikia mapadri wake kanuni za kuwaungamisha walowezi. Zilimfanya achukiwe hadi Hispania. Mshindi wa vita anayekaribia kufa akimwita padri, kwanza aitwe mthibitishaji wa hati. Mgonjwa atamke mbele yake kwamba anampa padri mamlaka kamili juu ya mali yake yote, irudishwe kwa wenyeji walioporwa au warithi wao, hata kama watoto wake hawatabakiwa na kitu, na watumwa wake wawe huru. Hati ikishatiwa sahihi, ndipo maungamo yaanze. Wengi waliona huu ni ukatili kwa mtu aliye kitandani. Mimi naona ni huruma ya hali ya juu, kwani padri alikuwa anamvusha mgonjwa akiwa bado upande ule ambako fedha ina kazi.

Na las Casas huyohuyo, mwaka 1516, alipendekeza waletwe watumwa Waafrika kuwapunguzia wenyeji mateso. Sisi wa bara hili hatuwezi kulipita hilo. Baadaye aliandika katika historia yake kwamba utumwa wa weusi ulikuwa dhuluma sawa na ule wa wenyeji, na kwamba hakuwa na hakika kama ujinga wake na nia yake njema vingemwokoa mbele ya hukumu ya Mungu. Hakujitetea kwa yale mengine mema aliyoyafanya. Alijua mema yake ni mengi, na alijua pia kwamba Mwafrika aliyefungwa minyororo ana kesi yake mwenyewe, isiyofutwa na kesi za wengine alizozishinda.

Karibu na miaka hiyohiyo, Ujerumani, biashara ya rehema, yaani vyeti vya kuondolewa adhabu ya dhambi, ilikuwa imepamba moto. Albrecht, askofu mkuu wa Mainz, alikopa kwa familia ya mabenki ya Fugger ili kulipia cheo chake, na nusu ya fedha zilizokusanywa na mhubiri Johann Tetzel zilikwenda kulipa mkopo huo, nusu nyingine Roma kwenye ujenzi wa kanisa la Mtakatifu Petro. Mtawa Martin Luther alipotoa hoja zake 95 za kuipinga biashara hiyo mwaka 1517, mojawapo ilisema anayempa maskini au kumkopesha mhitaji anafanya vema kuliko anayenunua rehema. Ni haki kuongeza kwamba mafundisho rasmi ya Kanisa Katoliki hayakuwahi kusema cheti kinaondoa hatia bila toba, na kwamba mwaka 1567 Papa Pius V alifuta rehema zilizoambatana na malipo. Mafundisho yalikuwa sahihi kwenye karatasi huku watu mitaani wakielewa kitu kingine, na waliokusanya fedha hawakuwa na haraka ya kuwasahihisha.

Hali hiyo haijatuacha. Mfano wa kukataa fedha ni wa kale: nabii Elisha alimponya jemadari Naamani ukoma, akakataa talanta kumi za fedha, vipande 6,000 vya dhahabu na mavazi kumi. Mtumishi wake Gehazi akakimbia nyuma ya gari kuomba sehemu, na ukoma ukahamia kwake. Madhabahu ina haki ya kukataa. Novemba 2024 Rais William Ruto alihudhuria misa katika kanisa la Soweto, Kayole, Nairobi, akachangia ujenzi wa nyumba ya padri na kwaya. Siku iliyofuata Jimbo Kuu la Nairobi, chini ya Askofu Mkuu Philip Anyolo, likatangaza kwamba fedha hizo na za Gavana wa Nairobi, Johnson Sakaja, zitarudishwa. Tamko halikuzungumzia wizi; lilitaka kanisa lisigeuzwe jukwaa la siasa. Hata hivyo liliwakumbusha waumini jambo ambalo walikuwa wameanza kusahau, kwamba si kila mkono unaotoa hupokelewa.

Linabaki swali la kiutendaji ambalo watu huuliza kwa sauti ya chini. Je, mtu aliyekula mali ya watu asiowajua? Karani aliyepokea vibahasha kwa miaka mingi, mhandisi aliyeminya saruji ya daraja, hawezi kuwapata waathirika mmoja mmoja. Talmud, kitabu cha Kiyahudi kinachoifafanua Mishna, inawataja watoza ushuru kwa jina katika jambo hili: toba yao ni ngumu kwa kuwa hawajui waliyemwibia, basi wanaowafahamu wawarudishie, na kilichobaki kifanyiwe mahitaji ya umma, kama kuchimba visima, ili maji yamfikie na yule aliyeibiwa. Imamu Ghazali, mwanachuoni wa Kiislamu wa kale, anafundisha karibu sawa: mali ya haramu irudi kwa mwenyewe, akiwa amekufa iende kwa warithi wake, na asipojulikana itolewe kwa maskini au manufaa ya Waislamu. Aliyeitoa amejivua mzigo. Asiandike jina lake ukutani, maana hajatoa chake.

Pwani na bara, mazikoni, huwa anasimama mwakilishi wa familia akatangaza kwamba yeyote anayemdai marehemu ajitokeze aonane nao. Tangazo hili wengi hulisikia kama adabu ya msiba tu. Lina mizizi mirefu: Mtume aliletewa jeneza, akauliza kama maiti ana deni, na alipoambiwa analo na hakuacha cha kulilipia, akawaambia masahaba wamswalie wenyewe, mpaka Abu Qatada alipolibeba deni lile. Kurani nayo inaweka mgao wa mirathi baada ya wasia na deni. Kwa hiyo watoto wanaogawana nyumba kabla ya kuwasikiliza wadai wanagawana kisicho chao, nao wanajifungulia kesi mpya juu ya ile ya mzazi.

Na asiye na cha kurudisha? Hapa maskini na tajiri aliyefilisika wako sawa, kwa maana Mambo ya Walawi 19 inakataza hakimu kumpendelea maskini kama inavyokataza kumstahi mkubwa. Ila mlango mmoja uko wazi, na ufunguo wake anao mdai. Sura ya Al-Baqara inataka mdaiwa mwenye dhiki apewe muda hadi apate wasaa, na inasema kumwachia deni kabisa ni bora kwa anayesamehe. Mjane aliyeporwa kiwanja, ambaye mjini hakuna ofisi iliyomsikiliza, ndiye mwenye uwezo wa kutamka neno ambalo aliyempora hawezi kulinunua popote. Anachoweza kufanya huyo mporaji ni kwenda yeye mwenyewe nyumbani kwa mjane huyo, bila wakili na bila wapambe, akiri alichofanya, arudishe kinachorudishika, kisha aombe.